Sura ya Saba: Mtu wa Kukaa Naye

Saa nane usiku, benchi la nje ya leba huwa la baridi hata hapa Dar es Salaam. Mwanamume ameketi ukingoni, chupa ya chai katikati ya miguu, mapajani kapakata beseni la mkewe lililojaa kanga na vifaa vya kujifungulia. Kila mlango ukifunguka anasimama. "Sista, vipi?" Nami namjibu, "Bado baba, subiri." Mlango unafungwa. Ndani kuna mwanamke analia, na huyu wa nje hajui kama ni wake au ni wa mwenzake.

Jibu hilo nimelitoa kwa zaidi ya miaka kumi bila kulifikiria. Ndivyo nilivyowakuta wakubwa wangu wa kazi wakifanya, na kwa kweli wodi yetu ilikuwa na vitanda sita bila pazia hata moja. Nani angemwingiza mwanamume humo? Lakini sikuwahi kujiuliza kilichokuwa kikimpata mwanamke upande wa pili wa mlango ule ule. Naye alikuwa akiuliza "vipi?" na hakuna wa kumjibu. Mkunga wa zamu ya usiku ana akina mama wanne, watano. Huyu anamsikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, yule anamshona, mara anaitwa kitanda cha mwisho kichwa cha mtoto kinaonekana. Mama aliyefika sentimita tano, ambaye bado ana saa nyingi mbele yake, anabaki anatazamana na ukuta.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kuchota maji ya moto, nikaona kidogo kupitia mlango ulioachwa wazi. Nilichokiona hakikunitoka: mwanamke amechuchumaa, na nyuma yake ameketi shangazi yake, miguu kaitanua, kamkumbatia chini ya kifua. Shangazi yule hakuwa na dawa wala ujuzi wowote wa uzazi. Kazi yake ilikuwa kuwa kiti. Uchungu ukija anambeba, ukipoa anamfuta jasho na kumnywesha. Alikaa hivyo tangu jioni hadi majogoo, na bibi alipotoka kuchukua kitu nje, shangazi hakutoka.

Sisemi turudi huko. Wanawake wengi walikufa katika vyumba kama kile, wengine mikononi mwa bibi yangu, na alipozeeka aliwataja kwa majina. Takwimu za nchi zinaonyesha tulichokipata kwa kwenda hospitali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulihesabu vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukahesabu 104, na kufikia wakati huo akina mama wanane katika kila kumi walikuwa wakijifungulia kwenye vituo vya afya. Hilo ni jambo kubwa, na wakunga wa nchi hii wamelitolea jasho. Ila tulipomhamisha mama kutoka chumba cha bibi kwenda leba, shangazi tulimwacha getini.

Sasa tazama maisha yetu ya leo. Kijana na mkewe wamepanga chumba kimoja Mbagala au Kimara. Mama mzazi yuko Kasulu, mama mkwe yuko Newala, shangazi ana biashara yake Mwanza. Majirani ni watu wema lakini wanatoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Uchungu ukimshika mke saa tano usiku, ukoo mzima alionao mjini ni mwanamume mmoja, na huyo hakufundishwa chochote. Dada zake walichezwa unyago, wakakaa na makungwi wakaambiwa mambo. Yeye aliambiwa atafute pesa. Nasema hivi kwa kumwonea huruma, kwa sababu nimewaona wengi wao wakitetemeka kwenye lile benchi, wakitaka kusaidia na wasijue mikono yao waiweke wapi. Baba kijacho, sura hii ni yako. Nafasi ya shangazi umeirithi wewe.

Nilibadilika usiku mmoja wa mvua za masika. Wodi ilikuwa na mama mmoja tu, mimba yake ya kwanza. Mumewe, fundi wa magari, hakuniuliza "bado?" kama wengine. Alisema, "Sista, samahani. Nyumbani nilikuwa namkandamiza kiuno ndiyo anapata nafuu. Naweza kuendelea?" Nilitazama vitanda vitupu, nikatazama mvua, nikamwambia avue viatu aingie.

Mikono aliinawa mara mbili, lakini oili ilikuwa imeganda kwenye kucha. Mkewe alisimama, viwiko juu ya kitanda, kichwa kakilaza mikononi. Uchungu ulipoanza kupanda, fundi aliweka kitako cha kiganja pale chini kabisa ya mgongo, kwenye ule mfupa bapa juu ya matako, akaegemeza uzito wake wote kama mtu anayesukuma gari. Hakusugua juu juu, alikandamiza. Uchungu ulipopoa aliachia taratibu. Mke alisinzia palepale alipoegemea, dakika mbili tatu, kisha ukaja mwingine naye akawa ameshaweka mkono kabla hajaombwa. Kwa saa nne sikumsikia akisema zaidi ya maneno kumi. Mimi nilipima, niliandika, nilisikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, na kwa mara ya kwanza katika zamu ya usiku sikuwa naitwa kila dakika.

Sidai kwamba mikono ya yule fundi ndiyo iliyofungua njia. Mimba ya kwanza ina mwendo wake. Ila baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2017 watafiti walikusanya pamoja majaribio yaliyohusisha wanawake 15,858 kutoka nchi 17, wakalinganisha waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote wa uchungu na waliopata huduma ya kawaida tu. Waliokuwa na mtu walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, upasuaji ulipungua, dawa za maumivu zilihitajika kidogo, uchungu ulikuwa mfupi kwa kama dakika 40, na wachache walitoka wakiwa na kumbukumbu mbaya. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba kila mwanamke anastahili kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto anazaliwa.

Sababu yake haina uchawi. Kwenye friji ya leba tuna vichupa vya oksitosini, dawa ya kuufanya mfuko wa uzazi ubane. Dawa hiyo ni mwigo wa kitu ambacho ubongo wa mama unakitengeneza wenyewe, bure, uchungu wote. Nacho hutoka vizuri zaidi mwanamke akiwa ametulia, mahali pa staha, na watu anaowaamini. Akiogopa, mwili unamwaga homoni za kukimbia na kupigana, mwendo wa uchungu unaweza kuvurugika, na maumivu yaleyale yanauma zaidi. Mwanamke aliyeachwa peke yake na kelele za chumba kizima anaogopa. Kinachomtuliza ni sura anayoijua.

Neno "aliyemchagua" ndilo la kuanza nalo, miezi kabla. Wanaume wengi huja kliniki siku moja tu, ile ya kupima damu pamoja, na hawaonekani tena. Nenda tena. Siku hiyo uliza, "Sista, hapa mnaruhusu msindikizaji ndani? Mwanamume anaruhusiwa?" Vituo havifanani. Kwingine kuna vyumba vya faragha, kwingine pazia, kwingine hakuna hata hilo. Kisha mkiwa nyumbani wawili tu muulize mkeo anamtaka nani, na umwache ajibu kweli. Wapo wanawake ambao hawataki mume awaone katika hali ile. Wengine wanamtaka mama, wengine dada, na wengine wanakutaka wewe ila wanaona haya kusema kwa kuwa mama mkwe ameshatangaza kwamba anakuja. Akimtaka mwingine usilichukulie kama tusi. Mleteni huyo mapema, nauli yake iwe sehemu ya maandalizi kama ilivyo pesa ya glovu na pamba.

Mkoani Kigoma kwenye miaka ya 2016 hadi 2018, shirika la Thamini Uhai lilipofungua milango ya wodi za serikali kwa wasindikizaji, walioingia kwa wingi walikuwa wanawake: akina mama, dada, mashangazi, mawifi. Wodi zile ni za kushirikiana, na staha ya mama wa kitanda cha pili ni staha pia. Kwa hiyo ukiruhusiwa kuingia mahali penye pazia, macho yako yakae kwa mkeo. Usipige simu ukizungukazunguka. Picha usipige kabisa.

Maandalizi mengine nayapitia haraka kwa kuwa kadi ya kliniki inayo: vifaa, pesa, usafiri. Mawili tu nayakazia. Pata namba ya dereva mnayemfahamu na ya pili wa akiba, na weka kichwani namba 115, ya bure, ya mfumo wa M-mama unaotafutia gari mama mjamzito au aliyejifungua anapopata dharura. La pili ni damu. Tafuta ndugu au marafiki wawili walio tayari kuchangia wakiitwa, uwe na namba zao. Kutafuta mtu wa kutoa damu saa tisa usiku huku mkeo anavuja ni jambo ambalo sikuombei.

Uchungu ukianza, mara nyingi mwanzo wake ni mrefu. Unakuja kila dakika ishirini, unapoa, unapotea, unarudi. Mimba ya kwanza inaweza kwenda hivyo saa nyingi, hata mchana na usiku. Hapo ndipo wanaume wengi hukosea kwa haraka: wanamkimbiza leba akiwa sentimita mbili, anakaa siku nzima amechoka kabla kazi haijaanza. Kama mnakaa karibu na kituo, mimba haina tatizo na hakuna dalili ya hatari, mwache awe nyumbani kwake. Mpikie uji, mwekee chai ya sukari, oga naye maji ya uvuguvugu kama bafu linaruhusu, tembeeni uani. Usiku mhimize alale katikati ya uchungu. Hesabu kwa saa ya simu: uchungu ukija mara tatu ndani ya dakika kumi, kila mmoja ukakaa kama dakika nzima, na hawezi tena kuzungumza unapopanda, muda umefika. Mkikaa mbali, au kama ni mtoto wa pili na kuendelea, msingoje hivyo.

Ila kuna mambo hayangoji hata dakika. Damu inayotoka kama hedhi. Chupa kupasuka, hasa maji yakiwa ya kijani au kahawia. Mtoto kuacha kucheza. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, degedege: hizo ni dalili za kifafa cha mimba, nacho kinaua. Uchungu kuanza kabla ya mwezi wake. Kwa lolote kati ya haya, ondokeni sasa hivi.

Mkishafika na ukaingia, kaa upande wa kichwa chake. Wanaume huniuliza, "Nifanye nini, sista?" Jibu langu huwashangaza: kaa. Usitoke kununua vocha, usitoke kuwapigia wazee kila baada ya dakika tano. Tuma ujumbe mmoja, zima simu. Nimeona wanawake waliovumilia vizuri saa sita wakavunjika mume alipotoka dakika kumi bila kuaga. Ukilazimika kwenda haja, mwambie, na mwambie unarudi.

Uchungu unapopanda usimuulize maswali. "Unataka maji? Nikushike hapa? Inauma?" Hana nafasi ya kujibu. Subiri upoe, kisha mpelekee kikombe mdomoni bila kuuliza. Asipotaka atageuza uso. Ahadi ya mdomo haina kazi, pumzi ina kazi: pumua wewe polepole karibu na sikio lake, toa pumzi ndefu kama unayepoza chai ya moto, naye atakufuata bila kujua. Mabega yakipanda, weka kiganja juu yake yashuke. Kiuno umeshajifunza kwa fundi. Na msaidie abadilishe mkao, kwa sababu kulala chali kunamwongezea maumivu na kunapunguza damu inayokwenda kwa mtoto: asimame akuegemee kifuani, apige magoti, atembee, akichoka alale ubavu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo kwa kila mama ambaye hana tatizo, pamoja na kunywa na kula kidogo. Kama mkunga ana sababu ya kukataa atakwambia.

Wakati fulani, mara nyingi njia ikikaribia kufunguka yote, atasema hawezi tena. Anaweza kutapika, kutetemeka, kukutukana, kukusukuma mkono aliokuwa anaulilia dakika moja iliyopita. Ataomba apelekwe nyumbani. Wanaume wengi hapa huingiwa na hofu, wengine hukasirika, na wapo wanaosema lile neno nisilopenda kulisikia: "Vumilia, wenzako wote wamezaa." Usiliseme. Kulinganishwa hakumpi nguvu, kunamwambia kwamba maumivu yake hayahesabiki. Sema, "Nipo. Huu umeisha. Pumua." Kisha rudia maneno yale yale kwa uchungu unaofuata. Akikuambia usimguse, ondoa mkono, lakini mwili wako ubaki pale pale.

Nasi wakunga tuzungumzishe kwa upole, lakini tuzungumzishe. Yeye hawezi kujieleza, wewe unaweza. "Sista, naomba utuambie umekuta nini." "Kabla ya kumwongezea hiyo dripu, tunaomba kujua ni ya nini." Mkunga mwema hachukii swali la namna hiyo. Na mtu akimfokea au akimpiga mkeo, na najua hayo hutokea, nayasema kwa aibu ya kazi yangu, usinyamaze wala usianzishe ugomvi juu ya kitanda chake. Simama katikati, sema kwa sauti ya chini, "Tafadhali, usimfanyie hivyo," na muulizie msimamizi wa zamu.

Ikiamuliwa upasuaji, mambo yatakwenda mbio na huenda mlango ukafungwa mbele yako. Mkeo akiwa na fahamu zake ndiye anayesaini, kwa hiyo usimfanye asubiri uwapigie wazee kuomba baraka. Mwambie jambo moja kabla hajasukumwa kwenda ndani: utakuwa hapo atakapotoka. Kisha uwe hapo.

Mtoto akizaliwa salama ataletwa kifuani kwa mama akiwa bado na maji yake, afunikwe kanga, na kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja hadi tatu. Kama ni desturi yenu kumwadhinia sikioni, muda utapatikana. Si lazima anyanyuliwe pale pale. Kila mtu chumbani anamtazama mtoto. Hapo ndipo nakuomba umtazame mama.

Saa zile za kwanza ndizo damu inapoua, na nakupa kipimo ambacho kila nyumba inacho. Mwaka 2005 watafiti, mmoja wao Dk. Godfrey Mbaruku, daktari aliyeitumikia Kigoma kwa miaka mingi, walichapisha kazi waliyoifanya mkoani humo kwa kutumia kanga. Walikuta kwamba kanga mbili zikilowa damu chapachapa, mama ameshapoteza zaidi kidogo ya nusu lita, na hapo wakunga wa jadi walifundishwa kuchukua hatua. Kwako wewe, hospitali au nyumbani, usingoje ya pili. Moja ikilowa, au akisema anasikia kizunguzungu, au mikono imekuwa ya baridi, ita mtu. Ukijibiwa "ni kawaida" na moyo wako haukubali, ita tena.

Yule fundi hakujua habari za kanga mbili. Mtoto alizaliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua imeshakatika, na alilia kabla sijamfuta. Nilimlaza kifuani kwa mama yake nikaendelea na kazi yangu ya kondo. Fundi alikuwa bado upande wa kichwa. Alichovya ncha ya kanga kwenye maji akamfuta mkewe uso, shingo, nyuma ya masikio. "Pole," alimwambia. "Imeisha." Akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akapuliza, akaonja mwenyewe kama imepoa, kisha akapitisha mkono nyuma ya kichwa chake akamnywesha, kidogo kidogo, mpaka kikombe kikaisha. Akamimina cha pili. Ilikuwa imepita robo saa nzima tangu mtoto alie ndipo akanigeukia, "Samahani sista, ni wa kike au wa kiume?"